MUULIZE FUNDI CHUMA: Shoka linameguka, shoka linapinda, mara nyingi kosa liko kwenye moto wa mwisho

Tangu toleo lililopita tulipoongelea majembe, meseji za mashoka zimefurika. Nimechagua chache, zile zinazofanana nimeziunganisha, na maswali nimeyaacha karibu vilevile mlivyoyaandika. Mashine za kufulia chuma leo siziongelei, hapa ni mkaa, nyundo na koleo tu.

Shikamoo fundi. Niko Urambo. Baba yangu mdogo ana shoka la kienyeji, lile linalochomekwa kwenye kirungu cha mpini, analo tangu mi sijazaliwa. Mi nimenunua la dukani lenye tundu, masika moja tu limechoka. Nina springi ya Fuso ilivunjika nimeihifadhi, na jirani kuna mzee mhunzi ana mivukuto lakini haongei sana. Naomba unieleze lile la kienyeji linafuliwaje toka mwanzo mpaka mwisho. Msomaji, Urambo

Marahaba kijana. Huyo mzee nenda kakae nae tu umvukutie, wahunzi wengi wako hivyo na sio roho mbaya, mtu anayeangalia rangi ya chuma hawezi kupiga stori maana sekunde chache tu chuma kimeshapita pale alipokuwa anapataka.

Tuanze na springi yenyewe. Springi ya lori kawaida ina kaboni kama asilimia 0.5 mpaka 0.6 hivi, afu wanaongeza kromiamu au silikoni na manganizi kutegemea kiwanda, ndo maana inajipinda na kurudi na ndo maana inakubali kukazwa kwa moto. Ila umesema imevunjika, hapo angalia sana. Springi hupenda kuvunjikia katikati pale kwenye tundu la bolti, na ikishavunjika sehemu moja ujue jirani yake kuna nyufa ambazo jicho halizioni, chuma kimechoka kile. Kwahiyo kata kipande upande wa mwisho, mbali na tundu na mbali na ilipovunjikia, shibiri moja inatosha kabisa. Kifunge na waya kining'inie ukigonge, kikilia na mlio ukabaki hewani sawa, kikilia kama chungu chenye ufa achana nacho tafuta kingine.

Banda la mhunzi utalikuta na kigiza, watu wanasema mambo ya uchawi, hamna lolote, ni kwa sababu ya rangi. Juani chuma cha nyuzi 700 utakiona cheusi tu, kivulini utakiona chekundu. Mhunzi hana kipimajoto, jicho ndo kipimo chake, sasa akiwa juani atapimia nini.

Mkaa uwe wa mti mgumu, umevunjwavunjwa vipande vidogo ili usiache mapengo ya hewa. Chuma usikiweke mbele ya mdomo wa bomba la upepo, pale hewa mbichi inakitafuna na kukijaza magamba, kiweke juu kidogo, mkaa chini yake na mkaa juu yake. Vukuta taratibu mpaka kiwe rangi ya chungwa inayoelekea njano, hapo ni kama nyuzi 1,000 mpaka 1,100, ndo pa kufulia. Kikianza kutoa cheche chenyewe bila kugongwa kimeungua, hiyo sehemu ni ya kukata na kutupa, hakuna dawa. Na kikishuka mpaka wekundu uliofifia, simama rudisha motoni. Springi ukiigonga ikiwa nusu baridi inapasuka ndani kwa ndani, we hutaona, utakuja kuona siku umelipiga kwenye gogo.

Sasa mkia ndo unaanza, sio makali. Wengi wanaoanza wanakimbilia makali wakimaliza hawana pa kushika. Mhunzi anakamata kipande kwa koleo mkono wa kushoto, kulia ana nyundo ndogo, mbele yake kuna mpigaji mwenye nyundo kubwa ya kilo nne tano. Hawaongei. Nyundo ndogo inagusa mahali, nyundo kubwa inatua palepale, ndogo inagusa tena, kubwa inatua, na kati ya pigo na pigo kipande kinageuzwa robo ili mkia uwe wa pembe nne na unaochongoka. Mhunzi akigonga fuawe tupu (lile bonge la chuma tunalofulia juu yake) bila kugusa chuma, mpigaji anasimama hapohapo, hiyo ndo ishara. Mkia unafika urefu wa kiganja pamoja na vidole, mnene shingoni mwembamba mwishoni. Usiuache na kona kali pale mkia unapokutana na bega la shoka, pawe na mviringo, maana mkia huwa unakatikia pale.

Mkia ukiisha unageuza. Unashika mkia na koleo, unafua bapa. Hapa nyundo inatumika ule upande wake mwembamba, unaulaza kufuata urefu wa shoka, kila pigo linasukuma chuma kwenda pembeni, kushoto na kulia, ndo shoka linapanuka kama mnavyoliona. Ukitumia uso bapa wa nyundo toka mwanzo chuma kinarefuka badala ya kupanuka unapata kitu kama patasi. Ukishapata upana ndo unasawazisha na uso bapa. Shingoni acha unene uleule wa springi, huko mbele punguza taratibu, ila makali yenyewe usiyamalize, acha unene kama wa sarafu. Makali membamba yakiingia kwenye mafuta yanajipinda au yanapasuka, makali ya kweli yatakuja baadae kwa tupa na jiwe.

Baada ya hapo lipe wekundu uliache lipoe lenyewe hewani, rudia mara mbili tatu, mara ya mwisho lifukie kwenye majivu makavu lilale humo usiku kucha. Hii hatua watu wanairuka kwa sababu haionekani, lakini nyundo imeacha chuma kimekakamaa vibaya upande huu na laini upande ule, majivu ndo yanakituliza. Asubuhi tupa inakula vizuri, unasafisha umbo.

Kinachobaki ni kukaza, na hapa ndo pa kuwa makini kuliko kote. Washa moto mpole, pasha makali peke yake, sentimita nne tano za mbele, mpaka wekundu wa damu iliyoiva. Kama jicho lako bado changa chukua sumaku ya spika mbovu uigusishe, chuma kikifika karibu nyuzi 770 sumaku haishiki tena, subiri kidogo tu baada ya hapo afu zamisha makali kwenye mafuta. Springi maji usiipe, inaweza kupasuka mlio ukausikia. Mafuta yawe ya uvuguvugu, yaliyopashwa kidogo yanapoza haraka kuliko ya baridi kwa sababu ni mepesi. Yawe kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, nje ya banda, na mchanga karibu, yakishika moto funika wala usimwage maji. Ukizamisha usilishike limetulia, lisogeze mbele nyuma, ukilituliza mstari wa mafuta unaweza kuwa mstari wa ufa.

Toa, pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza bila kung'ata, limekaza. Hapo ndo vijana wengi wanashangilia wanapeleka sokoni, kumbe sasa hivi hilo shoka ni gumu na linavunjika kirahisi. Lazima ulilegeze kidogo. Sugua makali haraka na jiwe mpaka yang'ae, joto lililobaki kule mgongoni linatembea kuja mbele, utaona rangi zinapita kama zinafukuzana, njano hafifu, kahawia, zambarau, bluu. Kisu kinasimamishwa kwenye njano, shoka we subiri zambarau inayoanza kuingia bluu ifike kwenye makali, kama nyuzi 270 mpaka 290, hapo chovya lote lipoe. Joto la mgongoni likiwa limeisha rangi haitakuja, basi lipashe shingoni juu ya kaa la moto polepole na usitoe macho. Rangi ikipita bluu ikawa kijivu umelegeza mno, unarudia kukaza upya.

Sasa fundi, niko Machakos. Nilinunua shoka mbili za jua kali, zinakaa sawa kabisa, zimepakwa rangi nyeusi. Moja nikigonga mti imekauka makali inatoka vipande vipande, ingine nayo inajikunja. Shida iko wapi, na naeza zirekebisha ama nitupe tu? Msomaji, Machakos

Usitupe ndugu yangu, angalau ile moja inapona. Na hiyo rangi nyeusi ndo shida yenyewe, inaficha kila kitu. Shoka ambalo halijapakwa rangi linakuonyesha alama za moto wake, lililopakwa linakuonyesha brashi.

Inayomeguka ilikazwa vizuri tu ila haikulegezwa. Chuma kipo, fundi aliishia njiani. Angalia pale ilipomeguka, ukikuta chembechembe za kung'aa kama sukari basi pia ilipashwa kupita kiasi kabla ya kuchovywa. Toa mpini, kwangua rangi, saga makali mpaka uvuke hizo pengo zote, ng'arisha na msasa, afu weka mgongo wake kwenye mkaa uliotulia bila kupuliza sana, makali yakiwa nje ya moto kabisa. Utaona zile rangi nilizomweleza mwenzio wa Urambo zinakuja zenyewe. Zambarau ikigusa makali chovya. Kama ulikuwa na zile chembe za sukari hii itasaidia lakini haitamaliza, inabidi ipashwe na kupoa hewani mara kadhaa halafu ikazwe upya, mpelekee mtu mwenye moto.

Inayojikunja inaweza kuwa mambo mawili. Ama ni springi nzuri ambayo haikukazwa kabisa, ama ni chuma laini cha ujenzi ambacho hata ukikichovya mwaka mzima hakikazi kwa sababu kaboni haimo. Kutofautisha ni rahisi kama kuna mtu ana grainda karibu. Gusa mgongo wa shoka kidogo uangalie cheche, chuma laini kinatoa mistari mirefu myembamba inayoisha kimyakimya, springi inatoa cheche fupi zinazopasuka na kuchanua matawi mengi. Zikichanua peleka ikakazwe, zisipochanua hiyo ni ya kukatia majani ya ng'ombe.

Tena kuhusu grainda, nimeona watu wananunua shoka zuri kwa mzee afu wanalipeleka kwa kijana wa grainda alinoe. Anabonyeza mpaka makali yanageuka bluu, anampa mteja linang'aa kweli, wembe kabisa, lakini pale palipogeuka bluu mpaka kijivu ule ugumu umeshaondoka. Shoka linanolewa kwa tupa na kinoo na maji. Kama lazima grainda basi gusa na kutoa, gusa na kutoa, ndoo ya maji pembeni, ukishindwa kuligusa kwa kidole ujue umechelewa.

Ukienda sokoni tena beba kipande cha tupa mfukoni. Mwambie muuzaji unajaribu makali, tupa ikila kama inakula msumari usinunue, ikiteleza kabisa kabisa nalo uliogope kidogo, nzuri ni ile inayong'ata kwa shida. Muuzaji akikukataza kujaribu, nenda banda la pili.

Habari fundi. Mi ni mama, naishi Kilosa, kuni napasua mwenyewe. Shoka langu ni la kienyeji, kichwa kinachomoka kila mara, nalowekaga kwenye maji usiku linashika afu kesho kutwa tena. Juzi kimeruka kikapita karibu na mtoto. Nifanyeje? Msomaji, Kilosa

Pole sana mama yangu, na kwanza kabisa hilo shoka usilitumie tena mpaka tumalize kusoma hapa.

Kuloweka acha. Mti unavimba kwa maji unashika chuma, ukikauka unasinyaa zaidi ya mwanzo na tundu linakuwa kubwa, kwahiyo kila ukiloweka unaliharibu.

Shoka la mkia ni kinyume na la tundu. La tundu mpini unapita ndani ya chuma na kabari juu, la mkia chuma kinapita ndani ya mti, na kila unapopiga gogo, pigo lenyewe linausukuma mkia uzidi kuzama kwenye kirungu. Ndo uzuri wake, linajikaza kazini. Likichomoka badala ya kukaza basi kuna kimojawapo kati ya haya: mpini ulichongwa mti ukiwa mbichi, au tundu lilitobolewa kubwa likanyooka badala ya kuwa jembamba kwa ndani, au mkia umegonga mwisho wa tundu hauna pa kwenda tena. Hilo la tatu watu hawalijui. Vuta kichwa utazame, ukikuta mkia unachungulia upande wa pili na bega la shoka limeshagusa mti, hakuna pigo litakalolikaza.

Dawa ni mpini mpya. Tafuta tawi au shina dogo ambalo kwenye tako lake, pale linapoachana na mzizi au shina kubwa, pamevimba penyewe. Hapo nyuzi za mti zimesokotana haziendi sambamba ndo maana hapapasuki. Mkole ni mzuri kwa mipini, unapinda bila kuvunjika, mpingo mdogo nao unafaa ila mzito. Uchonge uuache mnene kidogo kuliko unavyotaka, uanike kivulini mpaka ukauke kweli, juani utapasuka. Ukishakauka toboa kitundu kidogo cha kuongoza, chembamba kuliko mkia, halafu funika makali na kitambaa kilicholowa au yazamishe kwenye viazi au udongo mbichi ili joto lisiyafikie, pasha ncha ya mkia iwe nyekundu, choma ndani ya kirungu, toa, pasha tena, choma. Moto unachonga tundu lenye umbo lilelile la mkia, hakuna keke wala drili itakupa hivyo. Acha kama upana wa kidole kati ya bega la shoka na mti, halafu likishapoa kabisa gongesha mgongo wa kirungu, upande wa pili wa makali, chini kwenye jiwe, kichwa kinazama chenyewe. Hiyo nafasi ya kidole ndo akiba yako ya kukaza miezi ijayo.

Faida nyingine ya mkia, likikushinda kupasua kuni likageuzie upande, makali yakingame na mpini, unapata tezo ya kuchongea mwiko au mzinga wa nyuki. Mafundi wengi wa vijijini kichwa kimoja kinafanya kazi mbili hivyohivyo.

Mwalimu fundi, mimi ni mwanafunzi Sumbawanga. Bibi anasema ile minara ya udongo iliyobomoka porini huko Nkasi ilikuwa ya wahunzi. Kabla ya springi za magari chuma walitoa wapi? Msomaji, Sumbawanga

Bibi yako yuko sahihi, na wewe uko mahali pazuri kuliko sisi wengine maana Wafipa ndo walikuwa na tanuri refu, linaitwa ilungu, mengi malungu, linafika karibu mita tatu kwenda juu. La ajabu ni kwamba halikuvukutwa. Chini lina matundu pande zote, moto ukishawaka hewa moto inapanda juu kama kwenye dohani na kuvuta hewa mpya kupitia matundu, urefu wa tanuri ndo ulikuwa mvukuto wao. Linajazwa mkaa na mawe ya chuma kwa zamu, linaachwa siku kadhaa. Kinachotoka hakijawa chuma kizuri bado, ni bonge lenye matundu na mavi ya chuma ndani, kwahiyo linaingizwa tena kwenye tanuri dogo lenye mivukuto kusafishwa, na ndo baadae nyundo. Ukitembea karibu na hiyo minara utaokota mavi ya chuma, meusi, mazito, yanang'aa kama kioo palipovunjika.

Wahaya wao walitumia tanuri fupi na mivukuto mingi. Mwaka 1976 wazee wa Buhaya waliokuwa bado wanakumbuka walijenga tena tanuri na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti, na 1978 Peter Schmidt na Donald Avery wakachapisha kwenye jarida la Science kwamba eneo hilo watu walikuwa wanatoa chuma chenye kaboni, chuma kigumu yaani, miaka 1,500 mpaka 2,000 iliyopita. Shimo la tanuri walilijaza majani ya kinamasi yaliyochomwa yakawa mkaa, na mabomba ya mivukuto yaliingia ndani kabisa ya tanuri kwahiyo hewa ilipita kwenye bomba lililokwishapata moto. Joto lilifika wapi hasa, wataalamu wamebishana mpaka leo, ila chuma kigumu kilitoka, hilo halina ubishi.

Upareni ukoo wa Washana ndo walikuwa wahunzi, na huko Ugweno walitawala kabisa kabla Wasuya hawajawapindua, chuma chao kilikwenda mpaka Uchagani. Kusini mwa Ziwa Victoria walikuwepo Warongo. Unyamwezini jembe lilikuwa mali ya kulipia mahari. Wamasai walikuwa na wahunzi wao, Ilkunono, wanaowategemea kwa mikuki na hapohapo hawaoani nao, binadamu bwana.

Shoka la enzi hizo lilikuwa dogo kuliko unavyofikiri. Chuma kilipatikana kwa jasho kikweli, mkaa wa kuyeyushia peke yake ni miti mingapi imeanguka, hakuna mtu angefua shoka la kilo mbili kwa ufahari. Likiisha makali linarudi kwa mhunzi linaongezewa, likiisha kabisa linakuwa kisu, kisu kikiisha kinakuwa ncha ya mshale. Ndo maana mashoka mazima ya zamani ni machache.

Kilichoua kuyeyusha sio kwamba wazee walisahau. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalikuja kwa bei ambayo tanuri la siku kadhaa haliwezi kushindana nayo, na vyuma chakavu vya reli na magari vikaja tayari vimeshayeyushwa. Mhunzi akaona kuyeyusha kwa nini. Kufua kukabaki, kuyeyusha kukafa polepole, sehemu nyingi ndani ya nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Fundi nina binti yangu wa miaka 17 anataka kujifunza uhunzi, ndugu wanasema mwanamke haingii kwenye banda la mhunzi ni mwiko. Unasemaje? Mzazi, Morogoro

Mwiko ulikuwepo kweli, sehemu nyingi wakati wa kuyeyusha wanaume hawakulala na wake zao na wanawake wa umri wa kuzaa hawakusogezwa kwenye tanuri, tanuri lenyewe likihesabiwa kama mwanamke anayezaa. Lakini angalia, mwiko mkali ulihusu kuyeyusha, na kuyeyusha hakuna tena. Leo binti atakuta feni ya umeme au rimu ya baiskeli inayozungusha feni, na nyundo ya kilo moja na nusu inamtosha kwa kazi nyingi. Vyuo vya ufundi vya VETA wanafundisha ufundi wa vyuma na wasichana wamo, aanzie huko apate na cheti, afu atafute mzee wa kumwonyesha rangi. Mnunulie miwani ya kukinga macho, viatu vya ngozi, vizibo vya masikio, na nguo za pamba tupu, nailoni ikiguswa na cheche inagandia kwenye ngozi.

Fundi springi zimepanda bei huku kwetu. Naweza kufua shoka kwa nondo, reli, tupa za zamani au bomba? Na yale ya tundu ya kizungu tunaweza kuyafua wenyewe? Wasomaji watatu, Geita, Mbeya na Kitale

Nondo nyingi ni laini, na hata zile ngumu huwezi kujua umepata ipi, leo inakaza kesho haikazi. Kwa nanga na bawaba sawa, kwa shoka hapana.

Tupa ya zamani ina kaboni nyingi, inaweza kuzidi asilimia 1, kisu chake kitamu ila shoka zima la tupa litavunjika. Iliyo bora ni kuitumia kama ulimi. Na hapo ndo najibu na la tundu, hivi ndo wazungu walifanya zamani: unachukua bapa la chuma laini unalikunja katikati kuzunguka kipande cha chuma cha kupimia tundu, kati ya midomo miwili unaweka kipande cha chuma kigumu, unapasha mpaka njano nyeupe karibu nyuzi 1,300, unanyunyiza mchanga safi au boraksi kuyeyusha magamba, afu unagonga haraka vinashikana. Mwili laini hauvunjiki, ulimi mgumu unakata. Inawezekana kwetu kabisa lakini moto wake ni wa mtu aliyezoea, ukichelewa kidogo havishiki, ukizidisha ulimi unaungua. Njia nyingine ni kutoboa tundu kwenye bonge la chuma likiwa la moto na kulipanua kwa chuma kinachochongoka. Kama mna springi, fueni la mkia, kazi nusu na kuni zinapasuka vilevile.

Reli ni chuma kizuri sana, ina kaboni ya kutosha na kipande chake ndo fuawe ya mabanda mengi. Lakini mwenzangu wa Mbeya, reli unaipata kwa nani? Ukikutwa nayo bila karatasi utaisaidia polisi kwa muda mrefu. Springi hata ikipanda bei inabaki kuwa rahisi.

Bomba sahau, na lile jeupe lililopakwa zinki usilisogeze kabisa kwenye mkaa, hata kwa kutengenezea koleo. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe, ukiuvuta usiku unapata homa na kutetemeka kama malaria, na ukizidi unaharibu mapafu. Ukiona kipande kinatoa unga mweupe motoni kitoe na koleo kitupe nje, toka bandani mpaka hewa isafike.